Alan Turing: Mkaguzi wa mitambo ya siri aliyetiliwa shaka na serikali yake

MAPEMA mwaka wa 1943 mwanahisabati Mwingereza mwenye umri wa miaka 30 alikuwa jijini New York akisubiri kufunguliwa mlango wa maabara ya kampuni ya simu ya Bell. Ndani ya maabara hiyo mlikuwa na mtambo ambao Marekani ilikusudia viongozi wake na wale wa Uingereza wautumie kuzungumza kuvuka bahari ya Atlantiki bila Wajerumani kuambulia neno.

Waingereza hawakuwa tayari kuuamini mtambo huo kwa kuwa tu ulisifiwa na waliouunda. Walimtuma Alan Mathison Turing akaukague. Wamarekani nao walisita kumwonyesha mgeni siri kubwa namna hiyo, na suala hilo lilipanda ngazi hadi kwa Jenerali George Marshall, mkuu wa jeshi la nchi kavu, kabla ya idhini kutolewa. Turing aliingia maabarani Januari 19 na kukaa humo takriban miezi miwili.

Mtambo wenyewe, ulioitwa SIGSALY, ulikuwa na uzito wa tani zipatazo 50. Uliichukua sauti ya msemaji, ukaikatakata na kuigeuza tarakimu, kisha ukazichanganya tarakimu hizo na mvumo usio na mpangilio uliorekodiwa kwenye sahani ya santuri. Aliyekuwa upande wa pili wa bahari alikuwa na nakala ya sahani iyo hiyo, na baada ya kutumiwa sahani hizo ziliharibiwa.

Swali lililomsafirisha Turing lilikuwa jepesi kulitamka: je, mtambo huu unaficha kile unachodai kuficha? Kulijibu ni jambo jingine. Hesabu zaweza kuwa sawa na nyaya zikawa na kasoro. Nyaya nazo zaweza kuwa timamu na watumiaji wakazembea. Swali hilo ndilo linalowakosesha usingizi wahandisi wa leo wanaohakiki usalama wa chipu za tarakilishi, na kwa maoni yangu ni watu wachache mno waliolikabili kutoka pande nyingi kama Turing.

Alizaliwa London mnamo Juni 23, 1912. Babake, Julius, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na kwa sehemu kubwa ya utoto wao Alan na kakake John waliachwa mikononi mwa walezi kusini mwa Uingereza. Alipotakiwa kujiunga na shule ya Sherborne mwaka wa 1926, mgomo mkuu wa wafanyakazi ulikuwa umesimamisha magari moshi. Mvulana huyo wa miaka 13 alipanda baiskeli na kusafiri zaidi ya kilomita 95 kutoka Southampton, akalala njiani, na kufika shuleni kesho yake.

Huko shuleni alipata rafiki wa dhati, Christopher Morcom, aliyependa sayansi kama yeye. Morcom alifariki kwa kifua kikuu mnamo Februari 1930. Waliomfahamu Turing walishikilia kwamba pigo hilo ndilo lililomsukuma kujiuliza akili ni nini na yaweza kukaa katika umbo gani.

Alisomea hisabati katika King's College, Chuo Kikuu cha Cambridge, na mwaka wa 1935, akiwa na umri wa miaka 22, akateuliwa kuwa mwanazuoni wa chuo hicho. Mwaka uliofuata aliandika makala yaliyomjengea jina.

Katika makala hayo aliwazia mashine isiyokuwepo popote ila kwenye karatasi: utepe mrefu usio na mwisho uliogawanywa visanduku, na kichwa kinachosoma alama moja, kuandika nyingine na kusogea hatua moja. Alionyesha kwamba mashine moja ya aina hiyo inaweza kuiga mashine nyingine yoyote, mradi ipewe maelekezo yake juu ya utepe. Kwa maneno mengine, maunzi, yaani chombo chenyewe, yaweza kubaki yale yale huku kazi ikibadilishwa na programu. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji inafuata wazo hilo.

Makala hayo yalikuwa na habari mbaya pia. Kwa lugha ya siku hizi, Turing alithibitisha kuwa hakuna kanuni moja inayoweza kupewa programu yoyote ile na kusema bila kukosea iwapo itafika mwisho au itazunguka milele. Anayeota kuunda mkaguzi wa kukagua programu zote ulimwenguni alijibiwa mwaka wa 1936, kabla ya tarakilishi ya kwanza kuwashwa.

Baada ya kupata shahada ya uzamifu Princeton, Marekani, mwaka wa 1938, Turing alirejea nyumbani. Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani mnamo Septemba 3, 1939, na siku iliyofuata akaripoti Bletchley Park, kituo cha siri cha kufumbua mawasiliano ya adui.

Ikumbukwe kwamba walioanza kuushinda mtambo wa Enigma wa Wajerumani si Waingereza. Ni wanahisabati watatu wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski. Walianza mapema miaka ya thelathini, na Julai 1939 taifa lao likawakabidhi Waingereza na Wafaransa matunda ya kazi hiyo.

Enigma ilifanana na taipureta. Mwendeshaji alibonyeza herufi, umeme ukapita katika magurudumu matatu yenye nyaya ndani, ukagonga kipande cha kuurejesha, ukarudi kwa njia nyingine na kuwasha taa ya herufi tofauti. Kila alipobonyeza, gurudumu lilisogea, hivyo njia ya umeme ikabadilika. Mbele ya mtambo palikuwa na ubao wa nyaya wa kubadilishana herufi. Ukihesabu namna zote za kuutayarisha mtambo wa jeshi la nchi kavu uliokuwa na magurudumu matano ya kuchagua matatu, unapata idadi yenye tarakimu 21.

Idadi hiyo ndiyo iliyowalaza Wajerumani usingizi. Zaidi ya mara moja wakati wa vita, wakuu wa jeshi lao la majini walishuku kwamba siri zao zinavuja. Walichunguza, na kila mara wakahitimisha kuwa Enigma ni salama. Walitafuta wasaliti na kulaumu mitambo ya rada, lakini hawakuamini kwamba mtu angeweza kupenya msitu wa uwezekano mkubwa kiasi hicho.

Turing hakuupenya msitu huo mti kwa mti. Aliuzunguka. Kipande kile cha kurejesha umeme kiliwekwa kwa ajili ya wepesi wa kazi, ili mtambo uliotayarishwa kwa namna moja uweze kuficha na kufichua. Hata hivyo, kilikuja na gharama ambayo hakuna aliyeipigia hesabu vilivyo: herufi haikuweza kamwe kugeuka kuwa yenyewe. A haikutokea kuwa A.

Kasoro hiyo peke yake isingetosha. Iliungana na mazoea ya wanadamu. Vituo vya Wajerumani vilituma taarifa za hali ya hewa saa zile zile kwa maneno yale yale, na maafisa walianza barua zao kwa vyeo na salamu zisizobadilika. Mfumbuzi aliyekisia neno aliliweka chini ya maandishi ya siri na kulisogeza. Popote herufi mbili zilipofanana zikikabiliana, alijua kisio lake halikai hapo. Palipobaki, mashine ilipewa kazi.

Mashine hiyo, Bombe, ilibuniwa na Turing na kuundwa na kampuni ya British Tabulating Machine mjini Letchworth. Ya kwanza ilifika Bletchley Park mnamo Machi 1940. Mwenzake, Gordon Welchman, aliongeza ubunifu uliozidisha kasi yake kwa kiasi kikubwa. Bombe haikutafuta jibu sahihi moja kwa moja, bali ilitafuta ukinzani: ilichukua dhana kuhusu nyaya, ikafuata matokeo yake, na dhana ilipojipinga yenyewe ikaitupa pamoja na nyingine nyingi zilizotegemeana nayo. Wanaohakiki chipu leo hutumia programu zinazofanya jambo la jamii hiyo, zikiuliza kama kuna hali yoyote inayoweza kuvunja ahadi ya mchoro.

Turing aliongoza idara iliyoshughulikia Enigma ya jeshi la majini, iliyokuwa ngumu kuliko zote. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli za chakula na mafuta katika Atlantiki. Oktoba 1941 yeye na wenzake watatu, waliochoshwa na uhaba wa wafanyakazi, waliruka ngazi zote za kiofisi na kumwandikia Churchill moja kwa moja. Waziri Mkuu aliamuru wapewe walichotaka mara moja.

Mnamo Februari 1942 nyambizi za Atlantiki ziliongezewa gurudumu la nne, na kwa takriban miezi kumi Bletchley Park ikawa kipofu. Mwanga ulirudi baada ya mabaharia wa Uingereza kuingia katika nyambizi U-559 iliyokuwa ikizama katika bahari ya Mediterania Oktoba 30 mwaka huo na kutoa vitabu vya simbo. Wawili kati yao, Tony Fasson na Colin Grazier, walizama nayo. Ni vyema kulitaja hili, kwa kuwa masimulizi mengi humfanya Turing shujaa pekee.

Vita hivyo vya simbo vilifika hadi pwani yetu. Baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mnamo Aprili 1942, wafumbuzi wa jeshi la majini la Uingereza walihamishiwa Kilindini na kufanya kazi katika majengo ya shule ya Allidina Visram, Mombasa. Turing hakukanyaga huko, na simbo walizozishughulikia za Wajapani zilikuwa tofauti na Enigma, lakini kituo hicho kilikuwa tawi la kazi iyo hiyo.

Wenzake walimkumbuka kwa vituko. Alifunga kikombe chake kwa mnyororo ili kisiibiwe. Msimu wa chavua ulipowadia aliendesha baiskeli akiwa amevaa barakoa ya kujikinga na gesi. Baiskeli yenyewe ilikuwa na tabia ya kuangusha mnyororo. Turing alihesabu mizunguko hadi akajua ni lini ungeanguka, akawa anasimama muda mfupi kabla. Mtu mwingine angeipeleka kwa fundi.

Aliporudi kutoka New York Machi 1943, alihamia upande wa waundaji. Katika kituo cha Hanslope Park, akisaidiwa na mhandisi kijana Donald Bayley, aliunda mtambo wa kuficha sauti uliopewa jina la Delilah, yule mwanamke wa Biblia aliyemhadaa Samsoni. Wakati SIGSALY ilijaza chumba, Delilah ilitosha juu ya meza. Turing, mwanahisabati wa karatasi na kalamu, alishika mwenyewe kifaa cha kulehemu na kuunganisha nyaya, na inasemekana kazi yake haikuwa nadhifu. Mtambo ulifanya kazi, ila ulikamilika vita vikimalizika na haukutumiwa.

Baada ya vita alichora tarakilishi iliyoitwa ACE katika Maabara ya Taifa ya Fizikia, akachoshwa na ucheleweshaji wa wakubwa, na mwaka wa 1948 akahamia Chuo Kikuu cha Manchester. Mashine iliyouzwa na kampuni ya Ferranti kutokana na utafiti wa chuo hicho ilikuwa na kifaa cha kuzalisha namba za kubahatisha kutokana na mvumo wa umeme, kilichowekwa kwa pendekezo la Turing. Chipu nyingi za sasa zina kifaa cha aina hiyo, kwani ufunguo wa siri unaoweza kukisiwa si ufunguo.

Juni 24, 1949, katika mkutano uliofanyika Cambridge, Turing alisoma makala mafupi kuhusu namna ya kukagua programu ndefu. Yalikuwa ya kurasa chache, na nadhani ndiyo yaliyopuuzwa kuliko kazi zake zote.

Alianza na mfano wa hesabu ya kujumlisha namba ndefu. Ukimpa mkaguzi jibu tupu, hana budi kuirudia hesabu yote. Ukimwandikia pia tarakimu zilizobebwa kutoka safu moja hadi nyingine, anaweza kuikagua kila safu peke yake, na hata kugawana safu hizo na wenzake. Mhazini yeyote wa chama anayeandika salio mwishoni mwa kila ukurasa analielewa jambo hili.

Turing alipendekeza mwandishi wa programu afanye vivyo hivyo. Katika vituo maalum vya programu aandike ni mambo gani yanapaswa kuwa ya kweli mashine inapofika hapo. Mkaguzi naye athibitishe kwamba, ikiwa maelezo ya kituo kimoja ni ya kweli, hatua zinazofuata zitayafanya ya kituo cha pili kuwa ya kweli. Mwisho, athibitishe kwamba programu itakoma, kwa kuonyesha kiasi fulani kinachopungua kila mara na kisichoweza kupungua milele. Alitoa mfano wa programu ya kuzidisha namba zote kutoka moja hadi namba fulani kwa kutumia kujumlisha pekee.

Huyu ndiye aliyethibitisha mwaka wa 1936 kwamba mkaguzi wa programu zote hawezi kuwepo. Miaka 13 baadaye alionyesha kuwa programu hii moja iliyo mezani yaweza kukaguliwa, mradi mwandishi wake aache alama za kumsaidia mkaguzi. Mambo hayo mawili hayapingani, ingawa wapo hadi leo wanaolitumia la kwanza kukwepa la pili.

Makala hayo yalipigwa chapa yakiwa na makosa mengi ya uchapaji, yakasahaulika. Wasomi wengine, miongoni mwao Robert Floyd mwaka wa 1967 na Tony Hoare mwaka wa 1969, walilifikia wazo la namna hiyo kivyao. Ni mwaka wa 1984 tu ambapo watafiti wawili, Morris na Jones, waliyachapisha upya wakiwa wameyasahihisha.

Wakati huo mwandishi wake alikuwa kaburini kwa miaka 30.

Januari 1952 nyumba ya Turing ilivunjwa na mwizi. Alipiga ripoti kwa polisi, na katika mahojiano akakiri kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanamume mwenzake, jambo lililokuwa kosa la jinai nchini Uingereza. Polisi waliacha wizi wakamshika mlalamishi. Mahakamani alikubali mashtaka, na badala ya kifungo akawekwa chini ya uangalizi kwa sharti la kutiwa homoni za kike kwa muda wa mwaka mmoja.

Adhabu nyingine haikusomwa na hakimu. Aliondolewa idhini ya kushughulikia siri za serikali, ambayo alikuwa bado akiishauri kuhusu masuala ya simbo. Katika siku zile za hofu ya majasusi wa Kisovieti, maafisa wa usalama waliamini kuwa mtu wa aina yake angeweza kutishwa hadi atoe siri. Bletchley Park ilikuwa bado siri kuu, hivyo hata waliomhukumu hawakujua aliyesimama kizimbani ni nani. Yeye mwenyewe hakuweza kuwaambia, na hakuna ushahidi wowote kwamba aliwahi kuvujisha lolote.

Turing alifariki nyumbani kwake Wilmslow mnamo Juni 7, 1954, akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi ulionyesha sumu ya sianidi, na kando ya kitanda palikuwa na tofaa lililoliwa nusu. Uchunguzi rasmi wa kifo hicho uliamua kuwa alijiua. Mamake hakukubali, aliamini ilikuwa ajali iliyotokana na majaribio ya kemia aliyokuwa akiyafanya nyumbani, na wapo watafiti wanaoona kuwa ushahidi uliokusanywa haukutosha kukata shauri. Tofaa lenyewe halikupimwa.

Alichokiacha kilichukua muda kupata thamani. Mwaka wa 1994 iligunduliwa kwamba chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya kwa sababu jedwali lililokuwa ndani yake lilikuwa na nafasi zilizoachwa tupu. Hasara kwa Intel ilikuwa dola milioni 475. Tangu hapo watengenezaji wa chipu walianza kuzichukulia kwa uzito zaidi ithibati za kihisabati, badala ya kutegemea majaribio pekee. Tuzo kuu ya sayansi ya tarakilishi, inayoitwa kwa jina la Turing, ilitolewa kwa mwaka wa 2007 kwa Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis, waliobuni njia ya kuiachia mashine yenyewe kazi ya kukagua mchoro.

Mwaka wa 2009 watafiti nchini Australia walitangaza kuwa wameithibitisha kihisabati seL4, kiini cha mfumo wa uendeshaji chenye mistari ipatayo 8,700 ya programu. Ilikuwa kazi kubwa. Hata hivyo, ithibati hiyo ilichukulia kwamba chipu iliyo chini ya programu inafanya kazi inavyopaswa.

Januari 2018 ilidhihirika kwamba dhana ya namna hiyo ina tundu. Kasoro zilizopewa majina Spectre na Meltdown zilifichuliwa katika chipu za kampuni mbalimbali. Ili kuokoa muda, chipu za kisasa hukisia programu itaelekea wapi na kutangulia kufanya kazi ambayo bado haijaamriwa. Kisio likikosea, kazi hutupwa, lakini alama hubaki katika kumbukumbu ya karibu, na anayepima kwa makini muda wa kusoma kumbukumbu hiyo anaweza kuokota siri za programu nyingine. Katika Spectre, programu haikuwa na kosa na chipu ilitoa majibu sahihi, ila siri ilipenya katikati. Ni wepesi wa kazi uliofungua mlango, kama kile kipande cha Enigma.

Kwa Mkenya anayetuma pesa kwa simu kila siku, akitegemea ufunguo uliofichwa katika kadi ndogo kuliko ukucha, jambo hili haliko mbali.

Serikali ya Uingereza iliomba radhi kwa aliyotendewa Turing mnamo Septemba 2009 kupitia Waziri Mkuu Gordon Brown, na Desemba 2013 Malkia Elizabeth akatoa msamaha. Tangu Juni 23, 2021, sura yake iko kwenye noti ya pauni 50.

Karatasi na madaftari ya mradi wa Delilah, ambayo Bayley aliyahifadhi kwa miaka mingi, yalipigwa mnada London mwaka wa 2023 kwa zaidi ya pauni 380,000. Mwaka uliofuata serikali ikazuia kwa muda yasisafirishwe nje ya nchi.